Aliyeshika Nafasi Yangu

Bweni la Wakunga, chumba namba 9
4 Februari

Mume wangu Fundi,

Nimefika salama. Miguu imevimba kwa kukaa garini siku nzima, lakini mzigo wote umefika, hata ile sufuria uliyonikataza kuibeba.

Chumba chetu kina vitanda viwili vya chuma na dirisha linaloangalia kamba za kuanikia mashuka ya wodi. Mwenzangu ni mkunga kutoka mbali sana, mrefu mpaka vidole vya miguu vinatokeza nje ya kitanda. Chuo kizima kinamwita Mrefu, naye anaitika bila kinyongo. Zahanati yake ilifungwa mwaka jana, kwa hiyo mafunzo haya yakiisha hana pa kurudi. Ananichekesha, nami nilihitaji mtu wa kunichekesha.

Masomo yote ni kwa Kiingereza. Sisi tuliokisahau tumewekewa darasa la kila alasiri na mtu tunayemwita Mwalimu tu. Siku ya kwanza nilichaguliwa kumsalimu Mkuu wa chuo kwa ajili ya wenzangu. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "I greet you instead of all the midwives." Watu wakaangua kicheko. Mwalimu peke yake hakucheka. Akaniambia, "Bi Mkunga, kwa maneno hayo umesema wewe umesalimu, wenzako wamegoma. Ulitaka 'on behalf of', yaani kwa niaba yao. Aliye 'instead of' mwenzake amemwondoa mwenzake." Mwalimu ana namna ya kukukosoa ukajiona umesifiwa. Shati lake Mwalimu halina hata mkunjo, sijui anapiga pasi saa ngapi.

Kibibi anasukwa na nani? Mwambie mama anamkumbuka kila anapoona mtoto mwenye pengo. Nitarudi Agosti kama nilivyoahidi.

Mkeo,
Bi Mkunga

—

Karakana ya cherehani
21 Februari

Mke wangu,

Barua yako tumeisoma mimi na Kibibi, kisha nikairudia peke yangu. Mwalimu umemtaja mara nne. Mimi umenitaja mara moja, hapo juu, penye salamu, mahali ambapo hata serikali ingenitaja.

Sisemi kitu. Nasema tu nimehesabu.

Mimi shati langu lina mkunjo na lina grisi, na grisi hiyo ni ya cherehani za watu. Wiki hii nimefufua tatu zilizokuwa zimekatiwa tamaa. Moja ni ya mshonaji aliyehamia chumba cha pili kutoka kwetu. Uzi unaruka, nikitengeneza leo kesho umeruka tena. Ni mtu mwema. Ndiye anayemsuka Kibibi badala yako, na akipika hutuletea bakuli lililofunikwa. Kibibi amenenepa kidogo.

Huyo Mwalimu ana mke?

Mumeo,
Fundi

—

Chumba namba 9
9 Machi

Baba Kibibi,

Mwalimu alifiwa na mkewe. Umeuliza, nimejibu. Sasa na mimi niulize. Cherehani gani hiyo inaruka uzi kila siku mkononi mwa fundi ambaye watu humfuata kutoka upande wa pili wa mji? Anamsuka mwanangu badala yangu. Anawapikia badala yangu. Unaliandika hilo neno "badala yako" kama unaandika kwamba mvua imenyesha. Bakuli likirudi kwake, linarudi na nini? Na analifunika na nini? Niambie rangi ya kitambaa.

Nina habari nyingine. Chuo kinataka mkunga mmoja abaki mwaka mmoja zaidi, awafundishe wanafunzi wapya kazi ya mikono. Yamebaki majina mawili, langu na la Mrefu. Mkuu anasita juu yangu kwa sababu nina mume na mtoto, na amesema kwa mwenye mume, yeye angependa kusikia kutoka kwa mume mwenyewe. Sijui wewe unaonaje.

Nimemchorea Kibibi mtoto mchanga aliyezaliwa Jumanne, mwenye nywele nyingi kama kofia. Nimechora nyuma ya karatasi yangu ya zoezi, maana karatasi huku ni shida.

Mkeo

—

Karakana
30 Machi

Bi Mkunga,

Mtoto mwenye nywele nimemwona. Kibibi alimbandika ukutani. Jana upepo ukamwangusha, nikamwokota akiwa kifudifudi, nikasoma yaliyo nyuma. Mwandiko wako, wala huwezi kuukana.

"Today the teacher stood in for my husband."

Kwanza nilielewa kwamba amesimama ndani, nikajiuliza ndani ya nini. Nikaenda posta kwa karani mwenye kamusi. Akafungua, akapitisha kidole, akanitazama kama mtu anayetazama msiba. Akasema, "Fundi, maana yake ni kushika nafasi. Leo mwalimu ameshika nafasi ya mume wangu." Nikamwomba atafute maana nyingine. Akasema hakuna.

Watu walikuwa kwenye foleni nyuma yangu.

Ndiyo maana unaniuliza naonaje kuhusu kubaki mwaka mwingine? Naona vizuri sana. Macho yangu hutia uzi kwenye sindano bila miwani. Nimeshachukua hatua zangu, na hutaniuliza tena.

Fundi

—

Chumba namba 9
16 Aprili

Wewe mwanaume,

Nimesoma barua yako nimesimama korido, nikakaa chini pale pale. Mrefu alidhani kuna mtu amekufa nyumbani.

Sikiliza. Darasani tulikuwa tunaigiza namna ya kumweleza mume kwamba mkewe anahitaji kupasuliwa. Mrefu alikuwa mkunga. Mimi nilikuwa mjamzito, nimefunga mto tumboni kwa khanga. Mume hakuna, wote ni wanawake, basi Mwalimu akakaa kwenye benchi akawa mume. Dakika kumi. Tena mume mbaya, alikataa kutia sahihi, Mrefu akamfokea mpaka akasahau Kiingereza. Baadaye tukaambiwa tuandike sentensi za kilichotokea. Mstari wa chini yake niliandika, "The pillow stood in for my baby." Mto ulishika nafasi ya mwanangu. Huo hukuusoma? Au mto nao umeuonea wivu?

Na karani wako angeendelea kusoma angejua kwamba Waingereza wameyatofautisha haya maneno. Anayekuja akakaa moja kwa moja, wa zamani akaondoka, huyo ame-"replace". Aliye-"stand in" anashikilia tu, mwenye nafasi akirudi anampisha. Mwalimu alitufundisha hilo siku ile ile.

Nami nililia, Fundi, si kwa sababu ya karani. Nililia kwa kuwa ulipaswa kucheka. Zamani ungecheka kwanza, ndipo uulize.

Hukunijibu kuhusu bakuli. Hatua gani umechukua?

Mkeo

—

Karakana
28 Aprili

Mke wangu mpenzi,

Nimeusoma mstari wa mto. Nimeusoma mara nyingi. Nilikwenda posta, nikamsomea karani, naye akasema kazi yake ni stempu.

Nisamehe. Najua neno hilo ni dogo kwa mambo niliyoyaandika.

Kuhusu bakuli, kitambaa kilikuwa cha kijani chenye maua. Lilirudi tupu, limeoshwa na Kibibi. Lakini nitakuambia ukweli kwa kuwa umeuliza. Nilipenda kulisikia likiwekwa mlangoni. Si zaidi ya hapo, lakini hapo palikuwapo. Cherehani yake ilihitaji ndoano mpya, ile inayokamata uzi, nami nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza, nikawa naikaza tu skrubu. Sasa nimebadilisha ndoano. Kibibi anasukwa na dada yangu, ambaye anavuta nywele kama anang'oa magugu, na mtoto analalamika asubuhi nzima.

Kama kuna kitu chochote cha ajabu kimetokea ofisini kwa Mkuu, usishtuke. Niandikie mimi kwanza.

Mumeo,
Fundi

—

Chumba namba 9
12 Mei

Fundi,

Cha ajabu kimetokea.

Jumatatu Mkuu aliniita. Mezani alikuwa na barua uliyomwandikia yeye kwa Kiingereza, tarehe ile ile 30 Machi. Akanisomea: "I ask you kindly to substitute my wife for the other midwife." Kisha akavua miwani akasema, "Sikutegemea. Waume wengi huniandikia wakitaka wake zao warudi. Wako ananiomba nikuweke wewe mahali pa mwenzako. Basi, nilichokuwa nakisubiri nimekipata. Nafasi ni yako." Mwalimu mwenyewe alikuwapo, akakubali kwamba sentensi haina kosa. Kwa Kiingereza, jina linalotangulia ndilo linaloingia, na lililo baada ya "for" ndilo linalotoka.

Mrefu alikuwa amesimama mlangoni na daftari la zamu. Alisikia yote.

Hajasema nami tangu siku hiyo. Usiku anageukia ukutani. Jana aliniambia neno moja tu, "Ungeniambia." Nimwambie nini, Fundi? Kwamba sikujua mume wangu anaandika barua? Nani ataamini?

Tena hukujua jambo moja, kwa sababu sikukuandikia. Nilikuwa nimeshaamua kumwachia Mrefu nafasi hiyo. Mimi nina pa kurudi, yeye hana. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilitaka uniandikie "rudi." Nilitaka nione unavyonitaka. Badala yake umemwandikia Mkuu anibakize mwaka mzima! Ndoano ya cherehani umeibadilisha lini, kabla ya barua hiyo au baada? Kama mtu wa chumba cha pili anahitaji nafasi, ungeniambia mimi, nisingesubiri kuambiwa na Mkuu wa chuo kwa Kiingereza safi.

Mkunga

—

Karakana
21 Mei

Mke wangu,

Barua yako ina siku tatu hapa. Siku ya kwanza niliona mlango wa kutokea. Ningeweza kukuandikia hivi: nilitaka uendelee, nilijitolea, mimi ni mume mwenye moyo mkubwa. Mkuu ameamini, Mwalimu ameamini, labda hata wewe ungeamini baada ya kupoa. Dada yangu aliniambia niandike hivyo hivyo. "Umeokota sifa barabarani," alisema, "ivae."

Sikuweza.

Niliandika barua ile jioni ile ile niliyotoka posta. Nilitaka wakuondoe. Nilitaka wamweke yule mwingine, wewe urudishwe nyumbani hata kabla ya Agosti, uone aibu kama nilivyoona mimi kwenye foleni. Nilifikiri kwa Kiswahili: badilisha mke wangu kwa mkunga yule. Ukibadilisha shati kwa suruali, shati si ndilo linalokwenda? Nikalitafuta "badilisha" kwenye kamusi niliyoazima kwa karani, yakatoka maneno matano. Nikachagua lililo refu kwa sababu lilionekana la ofisini.

Kwa hiyo sikukutaka ubaki. Wala sikukutaka urudi kwa namna uliyokuwa unaisubiri. Nilitaka ukatwe jina. Ukinilinganisha na huyo mume wa kwenye benchi, yeye ni mbaya kwa dakika kumi.

Mshonaji hayumo humu. Nilikuwa peke yangu, na hasira yangu, na kalamu.

Mwonyeshe Mkuu barua hii. Mrefu nimemwandikia mwenyewe.

Fundi

—

Karakana
21 Mei

Kwa Mkunga Mrefu,

Hunijui. Mimi ni mume wa mwenzako wa chumbani. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kimeshakuumiza vya kutosha.

Mke wangu hakujua chochote. Barua iliyokutoa kwenye nafasi yako niliiandika mimi kwa wivu, na nilikusudia kinyume chake. Nilitaka wewe uingie, yeye atoke. Si kwamba nilikutakia mema. Sikukujua, nilikutumia tu kama mtu anavyookota jiwe. Ninachoomba ni kwamba usimpe mgongo mtu asiye na kosa. Nigeukie mimi.

Kama Mkuu atataka ushahidi, barua hii ina sahihi yangu.

Fundi wa cherehani

—

Chumba namba 9
1 Juni

Shemeji,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kwa kicheko nilichokizuia kwa taulo, maana mkeo alikuwa amelala na nilikuwa bado nimemnunia.

Unajua ulichonifanyia? Siku ile nilirudi chumbani nikaanza kufunga mizigo, nikagundua sina pa kuipeleka. Nikaifungua tena. Nguo zile zile, kwenye sanduku lile lile. Sitaki ulisahau hilo kwa sababu tu umeandika barua nzuri.

Nami nina langu la kukuambia. Nilimwonea wivu mkeo tangu Februari. Barua zako zikifika alizisoma dirishani, na hata ile mbaya aliilalia chini ya mto. Mimi sijawahi kuandikiwa barua ya kugombezwa na mtu anayenitaka nyumbani. Kwa hiyo nilipoisikia ile sentensi ya Mkuu, nilikuwa tayari kuamini ubaya wake. Niliusubiri. Mtu akisubiri hivyo, neno moja linamtosha.

Nimeshamwamsha. Tumezungumza mpaka kengele ya chai. Amelia, nimelia, tukakosa chai.

Kiingereza achana nacho.

Shemeji yako,
Mrefu

—

Chumba namba 9
9 Juni

Mume wangu,

Nimeipeleka barua yako kwa Mkuu. Niliitafsiri mwenyewe, mstari kwa mstari, mbele yake, bila kuruka pale unaposema ulitaka nikatwe. Kisha nikampa barua yangu niliyoiandika kwa Kiingereza, kwamba namwomba amteue Mrefu "instead of me". Safari hii nilijua ninachosema. Mmoja anaingia na mwingine anatoka, na anayetoka ni mimi.

Mkuu aliuliza, "Unafanya hivi kwa sababu ya mumeo?" Nikasema hapana. Nafasi iliyopatikana kwa barua ya namna ile siwezi kusimama ndani yake nikafundisha watu. Akaniambia mwakani watatafuta mwingine, niombe. Nikasema nitaomba. Akauliza kama mume wangu ataandika. Nikasema hataandika, nitaomba kwa jina langu, naye nitamwambia mezani, tukiwa tunakula. Umesikia, basi.

Mrefu ameanza kuzoezwa kazi Jumatatu, hata kabla mafunzo hayajaisha. Amepewa koti jeupe, mikono inaishia kwenye viwiko.

Sasa nikuambie langu, kwa kuwa wewe umesema lako. Dakika ile Mkuu aliposema "nafasi ni yako", kabla sijamwona Mrefu mlangoni, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikashika kiti. Nilikuwa nimekudanganya, nikajidanganya na mimi, kwamba kumwachia Mrefu ni jambo jepesi. Niliitaka kazi ile, Fundi. Kila asubuhi tangu Machi nimekuwa nikimtazama Mrefu akivaa viatu, nikimwonea wivu kwa kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameninyang'anya.

Nilichokusamehe ni ile hasira. Ile barua bado. Nitakuja nayo nyumbani tuimalize huko.

Gari linaingia stendi Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa nne asubuhi. Njoo na Kibibi. Nitashuka, nitakusalimu, nitambeba mtoto. Halafu kuna siku utaniona nimekaa mlangoni nimenyamaza, natazama barabara. Usiulize shati la nani. Siku hiyo hakuna mtu kichwani mwangu. Nitakuwa nawawaza wasichana kumi na wawili ambao ningewafundisha, wamezunguka kitanda, wananitazama mikono.

Mkeo